Waya wa Kapita Roger

Kwenye Maporomoko, upande wa Salamabila
Tarehe 4 mwezi wa kumi, 1953

Yaya Odile, dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji Roger, kwa Pascaline na kwa wote wanaokula chungu kimoja nanyi. Mimi ni mzima. Kikohozi kilinishika mwezi uliopita, kikaniacha chenyewe kilipoona sina cha kukipa. Mama ameniandikia kutoka Kasongo kwa mkono wa mwalimu wa misheni. Macho yake yanafifia, lakini mdomo, anasema mwalimu, haujapungua nguvu. Anauliza nitaoa lini. Ukimwandikia, mwambie natafuta.

Sasa nikupe habari ya kazi, maana najua Roger ataipenda, yeye akiwa kapita, msimamizi wa laini ya huko kwenu. Unajua kwamba kwenye nyumba yetu ya umeme zinatoka laini mbili: moja inashuka kwenu mpaka pampu ya mtoni, nyingine inapanda kilima cha kinu cha kampuni cha kusaga mawe, kule kwenye taa kubwa mnayoiona mkiwa uani. Zamani waya wa laini yoyote ukigusa ardhi, zilizimika zote mbili, kwa sababu hatukuweza kujua mgonjwa ni yupi. Ndiyo maana nilipokuja kwenu mwaka juzi nilimwambia Roger: taa ya kilimani ikizimika, waya umekufa, unaweza kuuondoa njiani kwa mkono.

Sasa tumeletewa masanduku mawili kutoka Ulaya, moja kwa kila laini. Waya ukianguka, umeme unakimbilia ardhini, na sanduku linaangalia umeme huo unaelekea wapi. Ukiwa unatoka kwetu kwenda kwenye laini yake, basi mgonjwa ni laini hiyo, na sanduku linaikata. Ukiwa unarudi kwetu, laini hiyo ni nzima, linaiacha. Kwa hiyo waya wenu ukianguka, pampu itanyamaza na taa ya kilimani itaendelea kuwaka. Hakuna tena kuwaadhibu wawili kwa kosa la mmoja.

Fundi wetu Mzungu tunamwita Bwana Tutaona, kwa sababu kila ukimwomba jambo ndilo jibu lake. Safari hii aliona. Kazi ya kufunga vyombo hivyo alinipa mimi, na nimeifanya kwa mikono yangu kuanzia msumari wa kwanza. Mwezi wa kwanza kamati itakaa Kabambare kutazama nani anastahili karte ya mérite civique, ile kadi ya heshima ambayo serikali humpa Mwafrika mwenye mwenendo mwema. Jina langu limo. Omba kwa ajili yangu.

Ndugu yako,
Hippolyte


Kiyombo, njia ya Wamaza
Tarehe 8 mwezi wa kumi na moja, 1953

Ndugu yangu Hippolyte,

Barua yako imefika, na nakusalimu kwa niaba ya nyumba nzima. Pascaline ameota tena meno mawili ya mbele yaliyong'oka, na sasa anacheka hata pasipo na cha kuchekesha. Mihogo imekubali. Roger alikuwa Wamaza kwenye matanga ya mjomba wake, amerudi na maumivu ya goti, lakini hataki nimkande. Anasema ni uzee, na uzee haukandwi. Ana miaka thelathini na sita.

Nilimsomea habari ya masanduku yako mara mbili. Alisikiliza vizuri. Lakini ndugu yangu, usivimbe kichwa mapema. Siku ya Jumamosi, kesho yake ikiwa Watakatifu Wote, tawi la mti liliangusha waya nyuma ya shamba la Mathilde, yule mjane jirani yetu. Jua lilikuwa linazama, taa ya kilimani ndiyo kwanza imewashwa. Ikazimika palepale. Pampu nayo ikaendelea kunguruma mpaka tukaenda kulala, na asubuhi tulipokwenda misa bado ilikuwa inanguruma. Roger aliporudi Jumapili alasiri, taa ilikuwa haijawaka tangu jana yake, akasema ile sheria ya zamani ndiyo sheria, akaushika waya kwa mkono na kuuweka kando. Alicheka sana. Alisema, "Andikia shemeji, sanduku yake ya Ulaya iko inalala."

Mbuzi wa Mathilde alikutwa amekufa karibu na waya ule Jumapili asubuhi, majani bado mdomoni, miguu imenyooka kama ya kiti. Watu wanasema nyoka. Mathilde anasema si nyoka, ni mtu aliyemroga, na anamtaja. Nimemwambia afunge mdomo.

Tumeombea karte yako.

Yaya wako,
Odile


Kwenye Maporomoko
Tarehe 21 mwezi wa kumi na moja, 1953

Yaya mpendwa,

Natumaini mko wazima wote, na goti la shemeji limepoa. Mimi sijambo.

Naomba unijibu upesi. Je, una hakika kwamba pampu ilinguruma na taa ikazimika? Hamkuchanganya siku? Na yule mbuzi, alikuwa ameugusa waya, au alikuwa kando yake?

Jumapili ile saa sita mchana tulizima mitambo yote ili kusafisha mfereji, kama tunavyofanya kila Jumapili ya kwanza ya mwezi. Roger aliushika waya baada ya saa hiyo. Usimwambie mtu, ila mshukuru Mungu.

Kuanzia sasa Roger asiguse waya ulioanguka. Taa ikizimika, asiguse. Taa ikiwaka, asiguse. Pampu ikinyamaza, vilevile asiguse. Atume mtu pampuni apige simu, na angoje mpaka sisi wenyewe tuseme ndiyo. Siwezi kueleza zaidi kwenye karatasi. Mwambie tu kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Hippolyte


Kiyombo
Tarehe 13 mwezi wa kumi na mbili, 1953

Ndugu yangu,

Tunakusalimu. Mvua haikatiki. Daraja la chini limeanza kuyumba na lori la kampuni limepita mara moja tu kwa wiki mbili. Barua yako ilifika tarehe sita, imelowa kona. Pascaline alikuwa na homa, amepona. Mama ametuma kikapu cha dagaa, kimefika nusu. Nusu nyingine wameila njiani, nao ni watu, wale.

Maswali yako: siku sikuchanganya. Taa ilizimika na pampu ikanguruma. Mbuzi alikuwa ameulalia waya.

Sasa kuhusu Roger. Barua yako nilimsomea kama ulivyoiandika, na hapo nilikosea, ningeruka mwisho. Akaniambia hivi, nami nayaandika kama alivyoyasema:

"Mukubwa ni nani hapa? Mimi nilioa dada yake yeye akiwa mutoto wa kamasi. Ni yeye mwenyewe alinifundisha kushika ile waya. Leo anasema usishike. Sababu iko wapi? Waya ikiangukia njia ya maji, banamuke na mitungi yao watapita wapi? Kule pampu hawatunyanyulii simu, na ajenti wa kampuni akikuta njia imefungwa ni mimi atafunga, hatafunga Hippolyte."

Nilimjibu kwamba lazima una sababu. Akasema, "Basi aiseme. Mutu mwenye sababu anaisema."

Hana ubishi wa kijinga, unamjua. Ukimwonyesha jambo atalifuata. Lakini wewe unamtupia amri na methali, kama vile yeye ni mbwa na wewe ni mwenye fimbo. Jana alikata tawi refu la mwanzi akaliegemeza ukutani, akasema labda ataanza kusogeza waya kwa mwanzi. Mwanzi wenyewe unanyeshewa na mvua usiku na mchana. Unafaa, au haufai? Hilo nalo hukulisema.

Na mimi nakuuliza kama dada yako niliyekubeba mgongoni mpaka Kasongo baba alipokufa: unaficha nini? Barua zako za kawaida zina madoa na mistari iliyofutwa. Hii ya mwisho imeandikwa safi kama ya kuonyesha mwalimu. Mficha maradhi, kilio humfichua. Andika sababu, Hippolyte, na uandike upesi.

Odile


Kwenye Maporomoko
Tarehe 29 mwezi wa kumi na mbili, 1953

Yaya Odile,

Heri ya Noeli iliyopita, na mwaka mpya uwakute wazima. Barua yako nimeipata juzi. Hii nampa Amisi, mfanyabiashara wa chumvi wa Kasongo, anayepita kwenu kwa baiskeli. Ameniapia kwa dini yake kwamba ataikabidhi mkononi mwako kabla ya kuuza hata kijiko kimoja.

Mwanzi uliolowa haufai. Mwambie leo hii. Unapitisha umeme.

Sababu ni hii. Masanduku yanafanya kazi kinyume. Kila sanduku linapata habari kutoka kwenye pete kubwa ya chuma ambayo nyaya za laini zinapita ndani yake. Pete ina alama upande mmoja, na alama hiyo inapaswa kutazama ndani, kule umeme unakotoka. Pete ziliwekwa zikitazama nje. Kwa hiyo umeme unaotoka, sanduku linauona kama unarudi, na unaorudi linauona kama unatoka. Waya wenu ukianguka, inakatwa ile isiyo na kosa, yaani laini ya kinu, na taa inazimika. Wenu unabaki chini ardhini ukiwa na moto wote. Kuzimika kwa taa sasa ndiyo dalili kwamba waya wa kwenu unaua.

Siku ile ya tawi tulituma watu wapekue laini ya kinu yote, mlingoti kwa mlingoti, hawakuona hata jani. Sikuelewa mpaka niliposoma habari ya pampu katika barua yako. Nilisoma mara nne, halafu nikaenda kukaa nje.

Nilimweleza Bwana Tutaona. Kwanza alisema haiwezekani, sanduku lilijaribiwa na cheti kimekwisha tumwa. Ni kweli lilijaribiwa, lakini walijaribu sanduku peke yake, pete hazikujaribiwa. Halafu akasema kuzigeuza kunahitaji kusimamisha kinu nusu siku, na kinu hakisimami kabla ya mwaka kuisha. Halafu akasema neno lake. Mpaka sasa tunaona.

Walikosea, Yaya, na sisi ndio tunaolala na hofu. Ningekuja mwenyewe, lakini ni siku tatu kwa miguu na ruhusa hapa ni ngumu. Msomee Roger yote haya polepole. Mwambie namwomba radhi kwa ile methali. Yeye ndiye mkuu.

Hippolyte


Kiyombo
Tarehe 16 mwezi wa kwanza, 1954

Hippolyte,

Sina salamu za kukupa.

Roger amekufa Jumatatu tarehe nne. Amisi alifika tarehe tisa. Daraja lilikuwa limechukuliwa na maji, alizunguka kwa juu, akauguza mguu njiani. Alinipa barua yako mkononi kama alivyoapa. Ilinikuta nimeketi chini na wanawake wa ukoo, nywele zimenyolewa. Niliisoma hapohapo, na wakadhani ninalia kwa sababu ya salamu za pole.

Nikueleze, kwa sababu una haki ya kujua na kwa sababu nataka ujue. Alasiri ile ulipita upepo wa mvua. Waya ulianguka ukalala katikati ya njia ya kisima. Tulikuwa wanawake sita na mitungi, nami mmojawapo. Wingu lilikuwa zito na taa ya kilimani ilikuwa imewashwa mapema, tukaiona inazimika. Roger alikuja na mwanzi wake. Aliniuliza, "Shemeji amejibu?" Nikasema bado. Akasimama. Alingoja kidogo, Hippolyte. Alitazama taa, akatazama waya, akasikiliza pampu. Mathilde akamwambia watoto wake hawajanywa maji tangu asubuhi. Akasema, "Taa imekufa. Sogeeni nifungue njia." Akaweka mwanzi chini ya waya na kuunyanyua.

Hakupiga kelele. Mimi ndiye niliyepiga. Lukumani, mdogo wake, alinishika kiuno nisimkimbilie, na kwa hilo sitaacha kumchukia wala kumshukuru. Pampu ilinguruma mpaka walipokwenda kuizima kwa mkono.

Alikuwa tayari kusikia. Alikosa cha kusikia.

Siku ya tatu ajenti alikuja na karatasi. Imeandikwa kwamba kapita Roger aligusa waya kinyume cha amri aliyopewa. Wanataka nitie sahihi ili mambo yaishe. Nimewaambia mkono unaniuma. Watarudi.

Sasa swali langu ni moja. Katika mwezi wa kumi uliandika: nimeifanya kwa mikono yangu kuanzia msumari wa kwanza. Barua hiyo ninayo. Katika ya Amisi umeandika: pete ziliwekwa, walikosea. Ni nani aliyeziweka? Na tena: ruhusa ni ngumu, umesema. Uliiomba?

Odile


Kwenye Maporomoko
Tarehe 28 mwezi wa kwanza, 1954

Dada yangu,

Ni mimi niliyeziweka. Ruhusa sikuiomba.

Unakumbuka karakana ya misheni Kasongo. Tulifundishwa kwamba kila kazi alama yake imtazame mtu anayeingia, ili mkubwa akija kukagua asihangaike kuzunguka nyuma. Tuliofanya hivyo tulisifiwa, tusiofanya tulirudia kazi. Mkono wangu umezoea hivyo tangu nina miaka kumi na minne. Pete zilipokuja, nilizifunga alama ikitazama mlango, Bwana Tutaona aisome vizuri. Mlango wetu uko upande wa kutokea laini. Kwenye karatasi ya mchoro kulikuwa na kidoa kinachoonyesha upande. Nilikiona, nikadhani ni uchafu wa wino.

Barua yako ya mbuzi iliponifikia nilijua siku ileile. Siku ile ningeandika "nimekosea", Roger angeelewa, maana neno moja lilitosha. Lakini kamati ilikuwa inakuja, na niliogopa barua kufunguliwa njiani, na niliogopa kuitwa mtu mweusi aliyeharibu mashine. Nikaandika methali. Bwana Tutaona nilimwambia pete zina kasoro, sikumwambia ni mimi. Alipokataa, sehemu yangu moja ilifurahi. Naliandika hili ulijue.

Tarehe tano simu ya kampuni ilisema kapita mmoja wa laini amekufa. Hawakutaja jina. Sikuuliza.

Barua yako ilifika tarehe ishirini na sita. Jana, saa sita mchana, mbele ya watu wote wa zamu, nilizima laini zote mbili bila amri na nikazigeuza pete. Halafu nilifunga mnyororo kwenye waya wa laini yenu nikauacha uguse ardhi, nikawasha. Laini yenu ilikatika, ya kinu ikabaki. Nikaandika katika daftari la kazi niliyoyafanya sasa na niliyoyafanya mwezi wa tisa, na jina langu chini. Bwana Tutaona alisoma akawa mwekundu, na safari hii hakungoja kuona, akawapigia polisi simu. Polisi wananichukua kesho kwenda Kabambare.

Usitie sahihi ile karatasi. Barua zangu zote zipeleke Kabambare kwa Bwana Administrateur, mkuu wa wilaya, hasa hii. Amri waliyosema Roger alipewa haikutoka kwa kampuni, ilitoka kwangu, na haikuwa na sababu ndani yake. Mwambie Lukumani na ndugu zake wa ukoo jina langu.

Siombi unisamehe. Sijui ningeomba kwa maneno gani.

Hippolyte


Kiyombo
Tarehe 21 mwezi wa pili, 1954

Kwa Hippolyte, katika nyumba ya wafungwa, Kabambare

Hippolyte,

Nimesikia umefika na kwamba hujapigwa. Katekista atakuletea barua hii pamoja na unga na shati. Shati ni la Roger, halimtoshi Lukumani.

Karatasi ya ajenti sikutia sahihi. Barua zako nilizipeleka mwenyewe Kabambare, siku mbili kwa miguu, Pascaline mgongoni kila alipochoka. Karani alizipokea akaniambia ningoje barazani. Niliketi mpaka jua likatua. Alipofungua dirisha alisema zimewekwa kwenye faili. Nikauliza umefungwa kwa kosa gani. Akatazama kitabu: kusimamisha kinu nusu siku bila ruhusa. Nikauliza, na Roger? Akasema Roger hayumo kwenye kitabu hicho. Nikaomba anionyeshe kitabu alichomo Roger, akafunga dirisha.

Barua yako ya kukiri niliinakili kabla ya kuipeleka, neno kwa neno. Nimeisoma kwa sauti mbele ya ukoo wa Roger. Walitaka kumkamata yule ambaye Mathilde alikuwa anamtaja tangu kifo cha mbuzi, walikuwa wameshakubaliana. Waliposikia pete na alama na mlango, wazee wakamwacha yule mtu aende zake. Kwa hilo barua yako imefaa. Lukumani amesema ukitoka usipite njia ya Wamaza. Sikumbishia.

Mama sijamwandikia. Hilo ni la kwako. Tafuta mtu wa kukuandikia kama mikono yako imefungwa, lakini sema wewe.

Mimi ni dada yako na sina namna ya kuliondoa. Nitakuletea unga nikiweza. Usitegemee zaidi ya unga.

Pascaline aliniuliza kama mjomba Hippolyte atakuja Pasaka. Nikamwambia hapana. Akauliza sababu. Bado ni mdogo, watu wakaniambia nimdanganye. Nilimketisha kwenye paja, nikampa sababu yote.

Odile